Askofu Wulfstan wa Worcester: alikuwa msaliti au la?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili. Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Wulfstan alikuwa na miaka 4 tu kwenye uaskofu wa Worcester, tena alikuwa rafiki wa Harold, mfalme wa Waingereza aliyeuawa katika vita vya Hastings. Hakukimbia. Alikwenda Berkhamsted pamoja na wakubwa wengine, akamtii William, kiongozi wa Wanormani aliyekuwa mfalme mpya. Maaskofu wazawa wakaendelea kupungua, nafasi zao zikishikwa na watu wa ng'ambo. Yeye akabaki kitini hadi alipofariki Januari 1095. Wapo wanaomwita msaliti kwa hilo. Napinga, na sababu yangu ni Bristol.

Bristol, iliyokuwa ndani ya jimbo lake, ilikuwa soko la watu. Wafanyabiashara walikusanya Waingereza kutoka pande zote za nchi, wakawavusha kwenda kuuzwa Ireland. William wa Malmesbury, mtawa aliyeandika maisha ya askofu huyu, anawaeleza vijana wa kiume na wa kike waliofungwa kamba pamoja, safu kwa safu, wakinadiwa kila siku. Na wasichana waliotiwa mimba na mabwana zao kisha wakapelekwa sokoni. Anasema hata hofu ya mfalme haikuwa imeikomesha biashara hiyo.

Wulfstan alikuwa akienda kukaa huko miezi miwili, mitatu, akihubiri kila Jumapili. Akiondoka, anarudi tena. Mwishowe watu wa Bristol wenyewe wakaacha, na mmoja aliyekaidi wakamfukuza mjini na kumtoboa macho. Ukatili huo siutetei hata kidogo. Ninachosema ni kwamba angesusia uaskofu mwaka 1066, asingekuwa na sauti ya kuwasimamia wale waliofungwa kamba.

Mchangiaji:
Mkuu, mbona umeruka mwaka 1075? Roger, bwana mkubwa wa Hereford, alipomwasi Mfalme William, askofu wako alisaidia kumziba asivuke mto Severn. Mwaka 1088 akasimama tena upande wa mfalme, safari hii William Rufus, mtoto wa yule mtekaji, mabwana walipomwasi. Huo ni ulinzi wa kiti cha mtekaji. Halafu fungua Domesday, ile hesabu ya mali ya nchi ya mwaka 1086: watumwa takriban 28,000, na baadhi yao wanalima mashamba ya kanisa lake la Worcester. Wa bandarini aliwalilia, wa kwake walikuwa bado shambani.

Mleta mada:
Roger alikuwa Mnormani, mtoto wa William FitzOsbern, mmoja wa watu wa karibu kabisa wa mtekaji. Na waasi wa 1088 wakuu wao walikuwa mabwana wa Kinormani vilevile. Hapo watekaji waligombana wenyewe kwa wenyewe. Kumzuia Roger hakukumnyima Mwingereza nchi yake.

Hoja ya mashamba ni nzito, na mtu yeyote anayempenda Wulfstan lazima aibebe. Lakini usiipunguze Bristol kwa sababu hiyo. Baraza la kanisa la Westminster lililopiga marufuku kuuza watu kama wanyama lilikaa mwaka 1102, yeye akiwa kaburini miaka 7. Unayesema alipaswa kuondoka, nitajie basi askofu mwingine wa siku zile aliyekwenda kukaa miezi kwenye soko lile.