MREJESHO: Trekta lililozimika ghafla shambani limewaka

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kuhusu Massey Ferguson 135 letu la zamani, injini ya Perkins ya silinda 3, lililozimika ghafla katikati ya shamba la tumbaku huku Urambo na kugoma kuwaka, ingawa stata inazungusha vizuri.

Pampu ya nozeli (ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye nozeli za injini) ni nzima, japo fundi wa kwanza alitaka kuing'oa. Tulianzia kwenye tangi kama mlivyoshauri. Tulipofungua paipu inayoingia pampu ndogo (inayopeleka dizeli ya tangi kwenye filta), dizeli ilitoka kwa matone tu! Chujio la kwenye koki ya tangi lilikuwa limezibwa na kutu na tope. Ndiyo maana mwanzoni likipumzishwa lilikuwa linawaka kidogo, kisha linazima: dizeli ilikuwa inajikusanya taratibu.

Tumeosha tangi, tumebadili filta, kisha tukatoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli: skrubu ya filta kwanza, halafu za pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli zenyewe huku stata inazungusha, mpaka mapovu yakaisha. Mkono wa pampu ndogo, ule wa kupampu dizeli wakati wa kutoa upepo, ukiwa hausukumi, zungusha injini kidogo; kemu (nundu inayozunguka ndani ya injini na kuendesha pampu hiyo) itakuwa imeubana.

Linalima tangu juzi. Uliyenisihi nisilipie pampu kabla ya kuangalia tangi, Mungu akubariki sana. Pesa ile ilikuwa ya mbolea.