Nyumba ya wazee kwa mama mkubwa mwenye demensia: wanataka jibu Ijumaa

Kutoka: Mama Salma, Leicester

Asalaam aleikum, habarini wote.

Naomba msaada wa haraka kwa waliopitia haya hapa Uingereza. Mama mkubwa alianguka, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, sasa yuko wodini. Demensia anayo siku nyingi, ila tangu apewe dawa ya usingizi amechanganyikiwa zaidi, usiku hajui yuko wapi. Jana kanipigia dada wa ofisi ya kuruhusu wagonjwa. Kitanda kinahitajika, kurudi kukaa peke yake hawezi (anaishi nyumba ya kupanga ya halmashauri, na akiba yake haifiki ile pauni 23,250 inayomfanya mtu ajilipie mwenyewe), basi familia ichague nyumba moja kati ya tatu kabla ya Ijumaa, la sivyo atapelekwa popote penye nafasi. Checklist ya CHC (uchunguzi wa mwanzo wa kuona kama NHS itamlipia huduma yote) walishamfanyia pale kitandani, sisi hatukuitwa. Nikiuliza naambiwa "haikupita", basi.

Ya tatu ni mbali, nimeiacha. Ya kwanza CQC (wakaguzi wa nyumba za wazee) wameipa Nzuri, lakini ripoti ni ya 2019. Nilipoingia, korido inanukia marashi ya kupuliza, na chini ya marashi ni mkojo. Televisheni inapiga kelele, wazee wamepangwa ukutani wanatazama magoti yao. Kengele ya chumba kimoja ililia muda wote nikiongea na meneja, hakuna aliyenyanyuka. Ya pili ina Inahitaji Kuboreshwa, ya mwaka huu. Lakini binti aliyekuwa akimlisha bibi mmoja alikuwa amevuta kiti, uso kwa uso, anamngoja ameze ndipo anyanyue kijiko. Tatizo, bei ya hii ya pili imezidi kiwango kinacholipwa na halmashauri, na wameshanitumia fomu ya nyongeza ya mtu wa tatu, yaani ndugu alipe tofauti ya bei, niisaini mimi.

Maswali yangu: nifuate alama ya CQC au macho yangu? Na ile fomu, nisaini? LPA (hati ya kumwamulia asiyeweza tena kuamua) tunayo ya fedha tu, ya afya hatuna, na afisa ustawi anasema kwa hiyo uamuzi ni wao.

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Pole sana dadangu. Usisaini KITU. Shemeji yangu alisaini hiyo nyongeza, na kila Aprili bei inapanda, halmashauri inaongeza kidogo, tofauti yote inamwangukia yeye. Na si pesa ya mgonjwa, ni ya mfuko wako wewe.

CHC usikubali hiyo "haikupita". Omba nakala ya Checklist kwa maandishi, omba ifanywe upya, na useme unataka kuwepo. Ikipita mnaenda DST, tathmini kamili yenye zile nyanja 12, na hapo ndipo watu hulala. Mama mkwe wangu aliandikiwa "hana shida ya tabia" kwa sababu siku ya tathmini alikuwa amelala. Tulipeleka daftari: saa ngapi alimpiga nesi, saa ngapi alikataa dawa, mara ngapi alitoka mlangoni usiku. Daftari ndilo lililobadilisha alama. CHC ikikubaliwa NHS inalipa yote, hawaangalii akiba wala nyumba.

Na kwa wengine mnaosoma: andikisheni nyumba kwa majina ya watoto sasa hivi. Miaka 7 ikipita halmashauri haigusi.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Slough

Baba Kevo, tafadhali usipotoshe watu. Miaka 7 ni ya kodi ya mirathi. Malipo ya nyumba ya wazee hayana miaka 7 wala 10. Halmashauri inaangalia nia: ulipogawa mali ulijua utahitaji huduma? Wakiona ulikimbiza mali, watakuhesabia kana kwamba bado unayo. Na mtu asikimbilie kuhamisha nyumba bila sababu. Mume au mke akibaki humo, au ndugu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, nyumba haihesabiwi kabisa.

Isitoshe Mama Salma kasema dada yetu mkubwa yuko nyumba ya halmashauri! Hakuna nyumba ya kugawa. Someni kwanza.

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Nilisema "kwa wengine mnaosoma". Na mhasibu wangu ndiye aliyeniambia miaka 7.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Slough

Mhasibu wako ni wa kodi.

Kutoka: Nesi wa Zamu ya Usiku

Jamani tumuache mhasibu. Mimi nimefanya kazi hizi nyumba, za kudumu na za ajensi, niseme ninachokijua.

Alama ya CQC ni ya siku waliyofika. Ya 2019 ni ya kabla ya Corona, pengine meneja wa wakati ule na nusu ya wafanyakazi hawapo tena. Ile ripoti ya Dkt. Penny Dash ya 2024 kuhusu CQC ilisema wazi kwamba ukaguzi umepungua mno na alama nyingi zimepitwa na wakati. Kwa hiyo Mama Salma usisome neno la juu, fungua ripoti yenyewe. Yale maswali matano (usalama, ufanisi, upole, kuitikia mahitaji, uongozi) kila moja lina alama yake. Kama hiyo ya pili ilishushwa kwa sababu kumbukumbu za mafunzo hazikuwa sawa, hilo linarekebishika. Kama ni dawa kutolewa kimakosa au wazee kuanguka bila mtu kuchunguza kwa nini, hapo kaa chonjo. Kisha muulize meneja ana kwa ana: walisema nini, mmebadilisha nini. Meneja mzuri atakujibu bila kutafuta faili. Uliza pia amekaa hapo muda gani, maana nyumba inayobadilisha mameneja kila msimu ina jambo.

Rudi tena bila miadi, jioni baada ya chai au Jumapili. Asubuhi ya Jumanne kila nyumba ni nzuri. Jioni ndipo wenye demensia wanapoanza kuhangaika, na ndipo wafanyakazi wanapopungua. Tulikuwa na mzee mmoja, kila ikifika saa kumi na moja anasimama mlangoni na koti, anataka basi la kwenda kazini. Wahudumu wengine walikuwa wanamwambia "umestaafu, kaa chini", anakasirika, vurugu, mwisho daktari anaitwa. Kuna kijana mmoja yeye alikuwa anasimama naye, anatazama dirishani, anasema "leo limechelewa kweli, tunywe chai tukilisubiri". Dakika kumi, mzee amekaa anakunywa. Nyumba yenye vijana wa namna hii utaigundua jioni tu.

Ukiwa ndani angalia vitu vidogo. Kikombe cha maji kiko mkono unapofika, au kiko mezani ng'ambo kimejaa tangu asubuhi? Miwani aliyovaa ni yake? Kifaa cha kusikia kimo sikioni au kimo droo? Kucha. Nguo zina jina. Ubao wa shughuli umeandikwa "kuimba saa nane": saa nane nenda ukasikilize kama wanaimba. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na wangapi ni wa ajensi. Mtu wa ajensi anaweza kuwa mzuri sana, lakini hajui kwamba bibi wa chumba cha mwisho akiguna hivi anaumwa.

Uliza wangapi wanapewa dawa za kutuliza akili na nani anazipitia upya. Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali mwaka 2009, akakadiria zile dawa zinaongeza vifo kama 1,800 kwa mwaka kwa watu wenye demensia. Zimepunguzwa tangu hapo, ila bado ni njia rahisi ya nyumba yenye watu wachache.

Jingine, lugha. Wazee wetu Kiingereza kinawatoka kwanza. Nilikuta mama mmoja ameandikwa kwenye mpango wa huduma "haongei". Nikamsalimia shikamoo, kaniuliza kwetu ni wapi na kama nimeolewa. Andikeni karatasi maneno kumi: maji, choo, naumwa, baridi, na namna ya kuyatamka, mbandike chumbani. Alzheimer's Society wana kijitabu cha kujaza historia ya mgonjwa, kijazeni vizuri, kiingie kwenye faili siku ya kwanza.

Kutoka: Mgeni wa Coventry

Dada Nesi umenena. Ila na huyo kijana wa basi, mnajua viza yake ilikuwa ya nini? Machi 2024 walikataza kea (wahudumu) wapya wa kutoka nje wasilete mke wala watoto. Julai 22, 2025 wakafunga kabisa kuajiri kea kutoka nje. Wanasema wanataka Waingereza wafanye. Haya, tutaona nani atakesha na mama zetu kwa mshahara ule.

Na mimi nauliza, samahani kama nitaudhi: kwa nini mama mkubwa asirudishwe nyumbani? Tanga kuna ndugu, kuna hewa, kuna watu wa kumsalimia.

Kutoka: Mama Salma, Leicester

Ndugu waliobaki ni dada yake mwenye presha na wajukuu wako Dar wanasoma. Dawa zake nani atafuatilia, akitoka usiku nani atamfungia mlango? Na amekaa huku tangu 1978. Tanga anayoiulizia yeye, nusu ya watu wake wamekufa.

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Na akishaenda ikishindikana, kumrudisha ni hadithi nyingine, hasa kama makazi yake ya kudumu yameisha muda. Jaribu ADR, viza ya mzazi au ndugu mzee tegemezi, uone. Tangu Julai 2012 lazima uthibitishe huduma haipatikani kule hata ukilipa. Hata ukilipa! Sisi Wakenya angalau tangu katiba ya 2010 mtu anashika pasipoti zote mbili, anaenda na kurudi. Nyinyi majirani Watanzania mnangoja nini na uraia pacha?

Kutoka: Mgeni wa Coventry

Usituanze, Baba Kevo. Hilo tumeliomba tangu nikiwa na nywele.

Kutoka: Mzee wa Milton Keynes

Nimesoma mjadala wote. Mimi nina miaka 74 na nyumba hizo nimeanza kuzipita nikizitazama kwa jicho jingine. Watoto wangu wako kwenye orodha hii, kwa hiyo nasema hadharani: maji ya kutawadha yawe ya vuguvugu, redio iwe na taarifa ya habari ya Kiswahili, na asiniite mtu "dia" wakati ananivua suruali. LPA zote mbili nimesajili OPG, ofisi ya serikali inayosajili hati hizo, mwaka jana, ya fedha na ya afya. Nyinyi wa miaka 50 mnaodhani ni mapema, mtu akishapoteza uwezo wa kuamua haisainiki tena, mtabaki na Mahakama ya Ulinzi, inayowaamulia wasioweza kuamua, na foleni yake.

Serikali msiingoje. Tume ya Dilnot, iliyoundwa na serikali, ilipendekeza ukomo wa malipo ya huduma mtu anayojilipia mwaka 2011. Serikali wakaja na pauni 86,000, wakasema Oktoba 2025, na Julai 2024 wakaufuta.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Slough

Mzee wangu shikamoo, Mungu akupe umri. Lakini Mama Salma anangoja.

Mama Salma, huyo afisa ustawi kakwambia nusu. Bila LPA ya afya wewe huna sauti ya mwisho, kweli. Lakini chini ya Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005 lazima wawaulize nyinyi mnaomjua kabla ya kuamua lenye maslahi kwake. Omba kikao cha maslahi bora, omba kwa barua pepe, sio simu. Na nyongeza: chini ya Sheria ya Huduma ya 2014 halmashauri inapaswa kukupa angalau nyumba moja inayofaa mahitaji yake ndani ya bajeti yake, isiyo na nyongeza. Neno ni INAYOFAA. Kama hiyo ya kwanza haifai demensia ya kiwango chake, andika kwa nini: kengele, harufu, ukosefu wa watu. Ukionyesha hakuna nyingine inayofaa, tofauti ya bei ni mzigo wao. Akishaingia, kama hawezi kutoka kwa hiari yake, nyumba itaomba DoLS, kibali cha kisheria cha kumzuia asitoke. Usishtuke, na omba uwe mwakilishi wake.

Kutoka: Mama Salma, Leicester

Ahsanteni sana. Nimeandika barua pepe kama Bi Mkubwa alivyosema. Wamejibu kwamba aliyekuwa anashughulikia yuko likizo mpaka Jumatatu, ila tarehe ya mwisho inabaki Ijumaa. Jioni hii naenda tena kwenye ile nyumba ya pili bila miadi. Kuna aliyewahi kuambiwa hivi, tarehe inabaki na mtu hayupo?

Kutoka: Msimamizi wa orodha

Wapendwa, ya uraia pacha tafadhali ifunguliwe mada yake. Na wanaojibu msinakili barua nzima ya mwenzenu chini, simu za watu zinajaa.

Kutoka: Baba Kevo, Reading

Nimempigia mhasibu. Anasema inategemea.