Je, Mgombea Mwenye Hamaki Anafaa Kukabidhiwa Madaraka ya Juu?

Mwaka 2008, John McCain alipokuwa akiwania urais wa Marekani, seneta mwenzake wa chama kile kile, Thad Cochran, alisema waziwazi kwamba wazo la McCain kuwa rais lilimtia hofu, kwa sababu alimwona kuwa mtu wa hamaki asiyetabirika. Baadaye Cochran huyo huyo alimuunga mkono. Oktoba ya mwaka ule, katika mkutano wa kampeni huko Lakeville, Minnesota, mfuasi mmoja alidai kwamba hawezi kumwamini Barack Obama kwa kuwa eti ni Mwarabu. McCain alichukua kipaza sauti, akakanusha, akasema mpinzani wake ni raia mwema na mtu wa familia ambaye wanatofautiana tu katika mambo ya msingi. Katika mkutano huo huo baadhi ya wafuasi wake walimzomea kwa kumtetea Obama. Mambo yote mawili ni ya kweli juu ya mtu mmoja, na ndiyo maana siridhiki na jinsi mjadala huu unavyoendeshwa kwa kawaida, upande mmoja ukisema kwamba mkali hafai kabisa, na mwingine ukisema kwamba ukali si hoja.

Msimamo wangu ni kwamba hasira ya mgombea ina uzito mkubwa, lakini si kwa sababu ambayo wengi huitaja. Hofu iliyozoeleka ni ya kiongozi anayekasirika usiku na kuanzisha vita kabla hakujapambazuka. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa katika nchi ambazo amri ya kutumia silaha za nyuklia iko mikononi mwa mtu mmoja, kama ilivyo Marekani, ambako rais hahitaji idhini ya Bunge wala ya waziri yeyote kuitoa. Hata hivyo, madhara ya kawaida zaidi ya hasira katika ofisi kuu ni ya polepole na hayaonekani kwa nje. Walio chini ya mkubwa mwenye kufoka hujifunza haraka kumpelekea habari njema na kuzificha mbaya, na baada ya muda mwenye madaraka huwa mtu wa mwisho kujua kinachoendelea katika serikali yake mwenyewe.

Linganisheni migogoro miwili iliyotenganishwa na miaka sita tu. Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alipoutaifisha Mfereji wa Suez tarehe 26 Julai 1956, Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, ambaye walio karibu naye walimjua tangu zamani kuwa mwepesi wa kupandwa na ghadhabu, aliuchukulia uamuzi ule kama ugomvi kati yake na Nasser. Kadiri miezi ilivyopita, duara la waliojua mipango yake lilizidi kuwa finyu. Gerald Fitzmaurice, mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyeamini kwamba kutumia nguvu kungevunja sheria ya kimataifa, aliwekwa kando. Makubaliano ya siri na Ufaransa na Israeli, yaliyofikiwa Sèvres, karibu na Paris, mwezi Oktoba, yalifichwa hata kwa wengi waliopaswa kuyatekeleza. Majeshi yalipoingia Misri, Marekani iliibana Uingereza kifedha, mapigano yakasitishwa tarehe 6 Novemba, na Januari 1957 Eden akajiuzulu. Ni haki kusema kwamba alikuwa pia mgonjwa, na kwamba serikali ya Ufaransa, ambayo haikuwa na Eden, iliingia katika kosa lile lile, kwa hiyo siitwishi hasira lawama yote. Ninachosema ni kwamba wale ambao wangeweza kumzuia hawakuwa chumbani, na hawakuwa chumbani kwa sababu hakutaka kuwasikia.

Oktoba 1962, Rais wa Marekani John F. Kennedy alipoonyeshwa picha za makombora ya Kisovieti nchini Cuba, naye alikasirika, maana alikuwa amehakikishiwa kwamba jambo hilo halingetokea. Siku ya kwanza fikra za wengi, na zake pia, zilielekea kwenye mashambulizi ya ndege. Lakini aliwakusanya washauri waliopingana, akawaacha wabishane kwa siku kadhaa, na katika baadhi ya vikao aliamua kutohudhuria ili watu waseme bila kumtazama usoni. Kutokana na mabishano hayo uamuzi ukawa ni kuizingira Cuba kwa meli, jambo lililowapa Wasovieti nafasi ya kurudi nyuma. Hatuwezi kudai kwamba Kennedy alikuwa mpole na Eden mkali, kisha tukaishia hapo. Wote wawili walighadhibika, na wote wawili walikuwa na sababu ambazo wananchi wao wangezielewa. Mmoja alipunguza idadi ya sauti zilizomfikia, na mwingine akaziongeza, hata akatambua kwamba kuwapo kwake tu kulitosha kuzipunguza.

Wanaosema kwamba ukali si hoja humtaja Harry Truman, rais wa Marekani wa miaka ile, na wana haki ya kumtaja. Desemba 1950 alimwandikia mwandishi wa gazeti aliyeukosoa uimbaji wa binti yake, akamtishia kwamba wakikutana atahitaji pua mpya. Barua hiyo ilichapishwa, na ilimwaibisha. Lakini miezi minne baadaye, Jenerali Douglas MacArthur alipopinga hadharani sera ya serikali kuhusu vita vya Korea, Truman, ambaye alikuwa na hasira kali, alitumia siku kadhaa kushauriana na mawaziri wake na wakuu wa majeshi kabla ya kumwondoa jenerali huyo tarehe 11 Aprili 1951. Kwa jambo la nyumbani kwake aliandika kabla ya kufikiri, na kwa jambo la nchi akasubiri. Nakubali kabisa kwamba mpiga kura aliyemhukumu Truman kwa barua ile peke yake angemhukumu vibaya.

Nakubali pia kwamba kuna hasira ambayo kuikosa ndiyo kasoro. Tarehe 20 Desemba 1991, mazungumzo ya katiba ya Afrika Kusini yalipofunguliwa, Rais F. W. de Klerk, aliyepangwa kusema mwisho, aliutumia wakati huo kuishambulia ANC, chama cha Mandela. Nelson Mandela alirudi jukwaani bila kupangwa na kumkemea kwa maneno makali mbele ya dunia nzima, kisha mazungumzo yakaendelea. Aprili 1993 Chris Hani, mmoja wa viongozi wa ANC, alipouawa na mzungu na nchi ikawa ukingoni mwa umwagaji damu, Mandela huyo huyo aliwahutubia wananchi kwenye televisheni na kuwakumbusha kwamba ni mwanamke mzungu, Mwafrikana, aliyehatarisha maisha yake ili muuaji ajulikane. Mwaka uliofuata uchaguzi ulifanyika. Asingekasirika mara ile ya kwanza, wengi wangemwona kuwa amekubali kudhalilishwa. Angeiachilia hasira mara ya pili, sijui ni wangapi wangekufa.

Kwa hiyo namna wengi tunavyopima jambo hili, yaani kumtazama mgombea jukwaani na kuhesabu mara alizopandisha sauti, ni dhaifu sana. Jukwaani mgombea anajua anatazamwa. Mtu anaweza kutabasamu saa mbili mfululizo mbele ya kamera, kisha akamrushia msaidizi wake faili nyuma ya pazia. Isitoshe, kipimo hiki hakiwatendei haki wote. Utafiti wa kisaikolojia uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamume akionyesha hasira kazini hupandishwa hadhi machoni pa watu, ilhali mwanamke akifanya vivyo hivyo hushushwa, na hasira yake huhesabiwa kuwa ni tabia yake badala ya kuwa jibu kwa jambo lililotokea. Anayetaka kuitumia hasira kama kigezo cha kura anapaswa kwanza kujiuliza kama angemhukumu hivyo mgombea wa jinsia nyingine aliyesema maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Upole nao usituhadae. Kuna watu wasiopandisha sauti kamwe ambao huweka kinyongo miaka kumi na kulipiza kisasi kwa saini moja. Dwight Eisenhower, aliyemrithi Truman, alikuwa na hasira kali tangu utotoni, na alijiwekea desturi ya kuandika jina la aliyemkera kwenye kipande cha karatasi, kukitumbukiza kwenye droo ya chini kabisa ya meza yake, na kuachana na jambo hilo. Rais Abraham Lincoln, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alimwandikia jenerali wake Meade barua ya uchungu kwa kuliacha jeshi la adui, Robert E. Lee, litoroke baada ya mapigano ya Gettysburg, akaiweka bila kuitia saini wala kuituma. Mimi ningempigia kura mtu wa namna hiyo, anayeijua hasira yake na kuiwekea utaratibu, kabla ya kumpigia mtu ambaye hatujawahi kujua kinachomkasirisha.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni kwamba katiba imeweka mawaziri, Bunge na mahakama ili kumdhibiti kiongozi, hivyo tabia yake binafsi haina uzito. Bunge na mahakama, ndiyo, ingawa kwa kawaida huchelewa. Lakini washauri wa karibu huteuliwa na yeye mwenyewe, na huondoka kwa matakwa yake. Mwenye kufoka huwapoteza kwanza wale wenye ujasiri wa kumpinga, akabaki na waliozoea kuinamisha vichwa. Kizuizi hicho tunachokitegemea ndicho hasira inachokila kwanza.

Kwa sababu hiyo napendekeza ushahidi utafutwe kwingine, kwa watu waliofanya kazi chini ya mgombea wakiwa hawana uwezo wa kumjibu, yaani makatibu muhtasi, madereva, waandishi wa hotuba, maofisa wa wizara aliyoiongoza. Maswali ya kuwauliza ni machache. Nani alimletea habari mbaya mara ya mwisho, na yuko wapi sasa? Aliwahi kubadilisha uamuzi baada ya kupingwa na mtu aliye chini yake kazini? Baada ya kumkaripia mtu bila haki, aliwahi kumwomba radhi? Tatizo ni kwamba wengi wa watu hao hufungwa na mikataba ya kutunza siri, na mimi naona siri za kazi zina haki ya kulindwa, lakini jinsi mkubwa anavyowatendea walio chini yake si siri ya kazi pindi anapoomba kura za taifa zima. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaopinga: ikiwa ushahidi huo nao haufai, na wa jukwaani tumeona udhaifu wake, mpiga kura atumie kipi kumjua mtu kabla hajamkabidhi madaraka ambayo hawezi kumnyang'anya kwa miaka kadhaa?