Sauti ya nahodha kwa redio haitoki vizuri, nisaidieni

mtoto_wa_kibokoni:
Asalaam aleikum jamani, mie na wenzangu huku Mji wa Kale, Mombasa, twatengeneza mchezo wa kusikiza, ni jahazi limetoka Lamu likapigwa na tufani, sasa kuna mahali nahodha aita usaidizi kwa redio na mtu wa bandari ya Kilindini amjibu. Nimerekodi kwa simu chumbani, nikatia kwa Audacity, ile programu ya bure ya kuhariri sauti, nikakata bezi, nikamwaga ile shhhhh mwanzo hadi mwisho lakini wapi, ni kama mtu azungumza ndani ya pipa na jirani akaanga samaki. Nakosea wapi? Na plagini za kununua msinitajie kabisa, pesa sina.

fundi_majengo:
Aleikum salaam yakhe. Umekata bezi, na juu je? Redio za kuongelea hazibebi sauti yote, ni kama 300 Hz mpaka 3000 hivi, zaidi kidogo. Weka hai-pasi 300 (filta ya kukata sauti nzito za chini), lo-pasi 3000 (ya kukata nyembamba za juu), zote teremko, yaani ukali wa kukata, la 24 dB kwa oktava, ukiacha 6 itasikika imefifia tu. Halafu kompresa, minya sanaaa mpaka kunong'ona na kupiga kelele vikaribiane, kisha distoshoni kidogo, yaani kuikwaruza sauti makusudi, na ukimaliza RUDIA lo-pasi. Distoshoni huzaa sauti mpya huko juu ulikokuwa ushafuta, wengi hawajui hilo ndio maana kazi zao zakwaruza masikio.

Lakini hiyo ya pipa si filta. Hiyo ni chumba chako.

mtoto_wa_kibokoni:
chumba vipi tena

fundi_majengo:
Mwangwi. Nahodha hushika maiki karibu na mdomo, wewe simu umeiweka mezani kuta zote zikajibu, na mwangwi ukishaingia kuutoa ni kazi, kompresa ndio yauzidisha. Rekodi upya, tia kichwa ndani ya kabati la nguo ama jifunike blanketi, simu vidole vinne kutoka mdomoni, kando kidogo isipigwe na pumzi. Feni zima. Najua joto, vumilia dakika mbili.

binti_wa_nyali:
😂😂 mie hurekodi ndani ya gari madirisha yamefungwa, najitokea jasho kama niko jikoni. Ukishindwa na hayo mafilta yote chukua sauti safi uicheze kwa kijiredio kidogo chenye spika mbovu halafu irekodi tena na simu, ile spika yakufanyia kazi nusu bure.

baharia_mstaafu:
Mimi kompyuta siijui lakini VHF, ile redio ya chomboni, nimekaa nayo miaka. Hiyo shhh ya mwanzo hadi mwisho si kweli. Redio ya chombo ina skwelchi, yaani yanyamazisha kelele kama hakuna anayezungumza. Mtu afinya kitufe, "tk", azungumza, akiachilia wasikia mkia mfupi "kshht" hata nusu sekunde haifiki, kisha kimyaaa. Bila huo mkia aliyewahi kufanya kazi baharini hatakuamini.

Jengine, VHF ya baharini ni FM, aliye karibu asikika safi, aliye mbali ndio shhh yapanda na maneno yakatika. Kwa hivo kama msikizaji yuko na yule wa Kilindini, mharibu nahodha peke yake, wa Kilindini muache kama mtu aliye chumbani. Mkihamia jahazini mgeuze.

Na kutoka Lamu hamtasikizana na Kilindini kwa VHF hata mkipiga kelele vipi, mawimbi yake huenda kama jicho lionavyo na mlingoti wa jahazi ni mfupi. Mleteni mpaka Kikambala hivi, karibu na Mombasa. Aite chaneli 16 ya dharura, Mayday (wito wa hatari) mara tatu, jina la chombo mara tatu, aliko, kilichompata, watu wangapi. Na wasikatizane maneno! Pale ni kupokezana, ukifinya kitufe wewe huwezi kusikia.

mtoto_wa_kibokoni:
Lo wallahi wanakatizana, tena wanagombana dakika nzima 🙈 basi nabadilisha. Shukran sana mzee wangu. Swali la mwisho, upepo na mawimbi nyuma ya nahodha niviweke wapi, nilikuwa nimevitia kwa treki yao mbali vikasikika vizuri kuliko nahodha mwenyewe

fundi_majengo:
Changanya na sauti yake KABLA ya filta, vyote vimeingia kwa maiki moja. Na vianze kwa ile "tk" viishe kwa mkia, akiachilia kitufe upepo nao ukatike.

mtoto_wa_kibokoni:
Sawa. Naingia kabatini.