Mrejesho: Hom thieta iliyokuwa inameza maneno ya filamu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba hom thieta yangu ya 5.1 (spika tano na sabufa) niliyonunua Kariakoo inapiga muziki vizuri, ila kwenye filamu maneno hayasikiki, halafu mlipuko mmoja tu mtoto anaamka. Asanteni wote, hata yule aliyenishauri niiuze nibaki na redio.

Kumbe shida ilikuwa waya. Nilitumia zile nyekundu na nyeupe, ambazo hupeleka chaneli mbili tu za sauti, kushoto na kulia, kwa hiyo spika ya katikati ilikuwa pambo. Nimehamia waya wa HDMI, kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye hom thieta (siyo tundu lolote, hapo nilipoteza jioni nzima). Nikawasha CEC (inayofanya vifaa viwasiliane kupitia HDMI), kisha kwenye mipangilio ya sauti ya TV nikatoa PCM, ambayo hapo ilitoa chaneli mbili tu, nikaweka Bitstream, ambapo TV hupitisha sauti ilivyo na hom thieta ndiyo inaigawa kwa spika. Maneno sasa yanatoka katikati, safi kabisa.

Sabufa nimeitoa konani na mvumo umepungua. Na aliyesema nikague nyaya alikuwa sahihi: spika moja ya nyuma nilikuwa nimebadilisha nyekundu na nyeusi.

Kilichogoma ni king'amuzi. Mpira bado unatoka spika mbili za mbele, maana chaneli ninazotazama zinarusha stereo, yaani sauti ya kushoto na kulia tu. Pia sauti inachelewa kidogo nyuma ya midomo. Nimejaribu ile "AV sync" ya kulinganisha sauti na picha, lakini yenyewe huchelewesha sauti zaidi, kwa hiyo nimeirudisha sifuri. Mwenye dawa ya hapo aseme.