Mpaka lini tutapima urais kwa gwanda na kuacha kuuliza tabia ya mtu?

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila jina jipya linapotajwa kwamba linafaa kwa urais wa nchi yetu, hoja ya kwanza kuletwa, tena na watu wazima waliosoma, ni kwamba huyu bwana amepita jeshini, kwa hiyo ana nidhamu, kwa hiyo ni mzalendo, kwa hiyo hataiba. Ukithubutu kuuliza alisimamiaje fedha za umma alipokabidhiwa ofisi, au waliokuwa chini yake wanamsemaje, unaambiwa kwamba unalidharau jeshi. Jeshi letu ninaliheshimu kwa moyo wangu wote. Ninaowalalamikia ni wale wanaolifanya gwanda kuwa kibali cha mtu kutoulizwa maswali.

Kama miaka ya utumishi wa kijeshi ingekuwa kipimo cha kiongozi mwema, Uganda ingekuwa imepata mtu wa kutosha kabisa mwaka 1971. Idi Amin aliingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, akapanda cheo kwa cheo kutoka chini, akawa bingwa wa ngumi, na siku alipompindua Milton Obote, tarehe 25 Januari 1971, alikuwa na robo karne ya utumishi mgongoni. Tabia yake nayo haikuwa siri. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, kikosi alichokiongoza kilituhumiwa kuwaua Waturkana kaskazini-magharibi mwa Kenya katika operesheni ya kupambana na wizi wa mifugo. Wakubwa wa kikoloni walijadili kumshtaki, wakataka ushauri wa Obote, na mwisho wa yote akakaripiwa tu na kuachwa aendelee na kazi, kwa sababu maofisa Waafrika walikuwa wachache mno na uhuru ulikuwa mlangoni. Yaani alama ya hatari ilionekana, watu wenye mamlaka wakaiona, wakaamua kwamba cheo na manufaa ya wakati ule vina uzito kuliko uhai wa wafugaji wasio na msemaji. Miaka tisa baadaye watu wakajaa barabarani mjini Kampala wakishangilia kwamba sasa wamepata mwanaume wa kazi. Kilichowapata baada ya hapo kila mtu anakijua.

Sasa mtazameni aliyesimama upande wa pili wa mpaka. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule, na hakuwahi kuwa askari. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na ikambidi aombe msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililomfedhehesha sana. Hakukaa na fedheha ile akailea. Alilivunja jeshi lile, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania juu ya msingi mwingine. Ni raia aliyelijenga jeshi hili tunalojivunia leo, na kabla yake walioasi walikuwa watu waliofundishwa kwata na utii kuliko raia yeyote.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakasema kwamba wao wanatakiwa kukatwa mishahara yao ya baadaye wakati viongozi wanajilipa minono. Mwalimu aliwafukuza chuoni takriban 400, na binafsi ninaona kwamba adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi. Hata hivyo, hoja yao ya mishahara aliikubali mbele yao, akatangaza kwamba wake yeye utapunguzwa kwa asilimia 20. Hicho ndicho ninachokiita tabia: mtu mwenye madaraka yote, aliyekasirika kwelikweli, anaambiwa neno la kweli na vijana anaowafukuza, na bado neno lile linamfikia. Niambieni ni kambi gani inayomfundisha mtu jambo hilo.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, yakapora mifugo ya watu wa Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, ni mwalimu huyohuyo aliyesimama kulieleza taifa kwamba nia tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao. Hakujifanya jemadari. Vita aliwaachia wanaoijua, akina David Musuguri na Silas Mayunga, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin, ambaye miaka minne kabla alikuwa amejitunuku cheo cha Fildimasho na ambaye kifua chake hakikuwa na nafasi tena ya nishani, alikimbia. Majenerali wetu walioshinda walirudi makambini, na hakuna aliyedai Ikulu iwe malipo ya ushindi wake.

Ninajua jibu litakalokuja, kwa sababu limekwisha kuletwa humu mara nyingi: Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, sasa mtu ambaye hajawahi kushika bunduki atamwamuruje jenerali? Katiba haimtaki Rais akalenge shabaha. Ibara ya 44 inampa mamlaka ya kutangaza hali ya vita, na kinachotakiwa hapo ni busara ya kujua lini damu ya watoto wa watu inastahili kumwagwa na lini haistahili, pamoja na ujasiri wa kusikiliza washauri wanaompinga. Mambo hayo mawili yanaweza kukosekana kwa kanali na yakapatikana kwa mkunga.

Sisemi pia kwamba gwanda linamharibu mtu. Jakaya Kikwete alikuwa Luteni Kanali, akaacha jeshi mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporejea, kwa kuwa Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa; akatawala vipindi viwili, na mwaka 2015 akakabidhi nchi akaenda zake. Yoweri Museveni aliingia Kampala Januari 1986 akitokea vitani. Ukomo wa vipindi vya urais ukafutwa mwaka 2005, ukomo wa umri wa miaka 75 ukafutwa mwaka 2017, na miongo ikapita akiwa bado Rais. Thomas Sankara wa Burkina Faso alikuwa kapteni, na hata maadui zake hawakumwita mwizi. Mobutu naye alianzia jeshini, akaifilisi Zaire kwa zaidi ya miaka 30. Wanne hawa wote wameshika bunduki, na bunduki haikutuambia lolote kuhusu nani angeondoka na nani angeng'ang'ania.

Kinachonichoma zaidi ni jinsi wanajeshi wenyewe wanavyotumiwa. Mjomba wangu alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, akarudi na goti bovu, na hadi leo hapendi kuhadithia. Katika kampeni moja walimfuata nyumbani, wakampa bereti mpya ambayo si ya kikosi chake, wakampandisha jukwaani na wazee wenzake watatu, wakawasimamisha nyuma ya mgombea wakati mgombea anasema kwamba yeye ni mzalendo wa damu. Mzee alisimama juani kwa saa nzima kwa goti lile. Walipomaliza waliichukua bereti yao kwa ajili ya mkutano wa kijiji kinachofuata, wakampa kilo mbili za sukari. Yule mgombea hakumuuliza hata jina. Nilimuuliza mjomba kama angempigia kura, akanijibu: "Mwanangu, kamanda anayewasahau watu wake juani wakati wa amani, vitani atawaacha wapi?"

Tatizo ni kwamba sheria zetu nazo zinatusaidia kidogo sana. Ibara ya 39 inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, ametimiza umri wa miaka 40, amependekezwa na chama, ana sifa za kuwa mbunge, na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kumiliki hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yakalegezwa mwaka 1991 katika kikao cha chama tawala, CCM, kilichofanyika Zanzibar, na kilichofuata ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ambayo inamtaka kiongozi ajaze fomu ya mali na madeni na kuipeleka kwa Kamishna wa Maadili, wakati mpiga kura wa kawaida anaingia kwenye chumba cha kura bila kuiona. Mlango huo ukiwa umefungwa, wajanja wanatuletea picha ya mtu akiwa na kombati ya ujana wake, na sisi tunaipokea kana kwamba ndiyo fomu yenyewe. Mei Mosi 1995, Mbeya, Mwalimu alizungumzia rushwa na watu wanaoutafuta urais kwa fedha. Tulipiga makofi, kisha tukarudi kwenye mazoea yetu.

Kwa hiyo atakayeleta jina la mtu wake hapa chini na kusema kwamba amepita jeshini, ninamwomba aje na majibu kamili. Aliondokaje jeshini, na kwa sababu gani? Alipokabidhiwa wizara, mkoa au shirika, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilisemaje kuhusu eneo lake katika miaka hiyo? Ana nyumba na mashamba mangapi, na aliyapata kwa mshahara upi? Ni lini aliwahi kupingwa hadharani na mtu aliye chini yake, na mtu huyo yuko wapi leo? Asiye na majibu hayo asinitumie picha ya gwaride.

Nawasilisha.