Tupeane uzoefu: kupanga kazi za Desemba bila kuwachosha wafanyakazi kupita kiasi (Dar)

Mleta mada
Wadau, Desemba ndiyo hii. Kariakoo maduka yanafungwa usiku, maghala yanapakua mizigo hadi alfajiri, hoteli zimejaa. Ikikaribia Krismasi keshia anakosea chenji, kibarua anaangusha katoni, halafu wote wanaitwa wavivu. Wenye ujuzi wekeni mbinu zenu, kwa namba na hatua.

Afisa Utumishi, Ubungo
Mkuu, kabla ya kupanga zamu, hesabu usingizi. Chukua muuzaji wa Kariakoo anayeishi Chanika. Duka linafungwa saa 4 usiku, hesabu zinaisha 4:45, nyumbani anafika 6:15. Ili aripoti saa 1 asubuhi, lazima awe macho saa 10:30 alfajiri. Toa muda wa kula na kuoga, usingizi haufiki saa nne. Akienda hivyo siku nne mfululizo, makosa ya chenji yametoka kwenye ratiba yako, si kwake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kutoka na kuingia tena. Aliyetoka 4:45 usiku asionekane kazini kabla ya 4:45 asubuhi. Tenganisha kundi la kufungua na kundi la kufunga kwa wiki nzima. Ukiwabadilisha, sogeza zamu mbele: wa asubuhi aende mchana, wa mchana aende usiku. Mwili unazoea kuchelewa kulala kwa wepesi kuliko kuwahi.

Mhasibu wa mishahara
Naongezea upande wa ovataimu, maana ndiko waajiri wengi wanateleza. Wiki ni saa 45 za kawaida. Ovataimu hufanyika kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na siku nzima pamoja na ovataimu isizidi saa 12. Sasa mpe mtu saa 3 za ziada kila siku kwa siku sita: wiki moja ni 18, wiki tatu ni 54. Ukianza tarehe 1, tarehe 21 umeshavuka, na Krismasi bado. Saa hizo zitunze kwa wiki mbili za mwisho.

Malipo: gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45. Wa 390,000 anapata kama 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, 3,000. Sikukuu (tarehe 9, 25 na 26) ni mara mbili, 4,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezwa asilimia 5. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapangwi usiku.

Msimamizi wa ghala, Barabara ya Nyerere
Usiku saa mbaya ni kati ya saa 9 na 11 alfajiri. Hapo usipange foklifti wala kupanga mzigo juu ya rafu ndefu. Kazi nzito ziishe kabla ya saa 8, kisha zibaki kubandika lebo, kufagia, kuandaa oda. Mchana usingizi unarudi baada ya ugali, saa 8 hadi 10, kwa hiyo kuhesabu stoo kufanyike asubuhi.

Tenga kona yenye mkeka na feni. Dakika 20 za kulala zinatosha. Akipitiliza hadi 45 anaamka mzito, na hata wa dakika 20 mpe dakika kumi kabla hajashika mashine. Kwa joto la sasa na unyevu huu wa pwani, anayepakua anywe robo lita ya maji kila dakika 20, asisubiri kiu.

Mdau wa Mbagala
Kaka, vipi kuhusu vile vinywaji vya kuongeza nguvu? Bosi anawanunulia kreti nzima.

Msimamizi wa ghala, Barabara ya Nyerere
Hapana ndugu yangu. Baada ya kama saa tano, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Akinywa saa 3 usiku, saa 8 bado inamnyima usingizi, na kesho anahitaji kopo jingine. Hela hiyo ikodi Hiace.

Afisa Utumishi, Ubungo
Hiace naunga mkono kabisa. Panga watu kwa njia: Mbagala hadi Kongowe, Gongo la Mboto hadi Chanika, Kimara hadi Kibamba, Tegeta hadi Bunju. Wa njia moja watoke zamu moja, gari lisizunguke na bodaboda za usiku zipungue.

Majina ya likizo yabandikwe mapema Novemba. Wasiosherehekea Krismasi wasibebeshwe tarehe 24, 25, 26 na mwaka mpya zote. Kila mtu apate angalau saa 24 za mapumziko kwa wiki. Anayerudi kutoka Moshi au Bukoba, zamu yake ya kwanza iwe kesho yake mchana, si asubuhi anaposhuka Mbezi.